Sikio la Askari katika Soko la Owino

Mtu aingiaye soko la Owino mjini Kampala hupokewa na sauti kabla hajaziona bidhaa. Soko hilo, lililofunguliwa mwaka 1971 karibu na uwanja wa Nakivubo, limepewa jina rasmi la Mtakatifu Balikuddembe, shahidi aliyeuawa mwaka 1885. Lakini wananchi hawajaacha kuliita Owino. Mchuuzi wa mivumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa ng'ambo, humwita mteja kwa Kiganda, huendelea kwa Kiingereza, na amwonapo mwenye sare humwongezea Kiswahili. Sisi wa kazi ya ulinzi tupitapo humo husikia Kiingereza kisichofanana na kile tulichofundishwa katika chuo cha makadeti. Si Kiingereza kibovu. Ni Kiingereza chenye kwao.

Ndugu askari, huenda ukauliza: jambo hili latuhusu nini? Tutaeleza kwa kisa tulichokishuhudia katika kituo kimoja cha polisi. Mama mmoja mwenye kibanda alifika kumshitaki mtu aliyempangisha kibanda hicho na asiyelipa kodi kwa miezi mitatu. Alikusudia kusema kwa Kiingereza kwamba ali-"rent", lakini ulimi wake ulitoa "lented". Konstebo kijana, akidhani mama amekosea sarufi, akamsahihisha kwa kalamu na kuandika "lent", maana yake aliazima. Kwa herufi moja tu, mpangaji mwenye deni akageuka kuwa mtu aliyeazimwa kibanda bure. Sajini wa zamu alipomsomea mama maelezo yake kwa Kiganda, mama akashika kichwa. "Afande, mimi sikumwazima mtu! Kodi yangu iko wapi?" Karatasi ikaandikwa upya.

Kosa lile halikuwa la mama, na konstebo naye hakuwa na nia mbaya. Katika Kiganda, sauti za l na r hupokezana kwa kanuni: r hufuata irabu e na i, na penginepo husimama l. Mtu mzuri ni "omulungi", lakini kitu kizuri ni "ekirungi"; shina ni lile lile. Basi aliyelelewa katika kanuni hiyo huipeleka katika Kiingereza bila kujua. Mwenzake atokaye Ankole au Kigezi huenda akafanya kinyume, kwa maana lugha yake imezoea r, na "lorry" kwake huwa "rorry". Naye Mwacholi, ambaye lugha yake ya asili haina f wala z, huweza kuitamka f kama p. Hata neno boda-boda, lililokwisha kuenea Afrika ya Mashariki nzima, ni neno la Kiingereza "border" lililopata matamshi ya kwetu kutokana na baiskeli zilizobeba abiria mpakani mwa Uganda na Kenya.

Kuliko matamshi, maana ndizo zenye hatari zaidi. Muganda humwamkia mtu aliye kazini kwa neno "gyebale", nalo likivikwa Kiingereza huwa "well done". Askari mgeni akiambiwa hivyo akiwa lindoni, adhani anakejeliwa, kumbe ameamkiwa kwa heshima. Rafiki asiyeonekana siku nyingi huambiwa "you are lost", kama vile sisi tusemavyo kwa Kiswahili, "umepotea". Mtu asemaye "I am coming", kisha akaondoka, hakimbii, anaahidi kurudi. Na neno "sorry" vinywani mwetu mara nyingi ni "pole" tu. Soko la Owino liliungua mwaka 2009, likaungua tena mwaka 2011. Jirani amwambiaye aliyeunguliwa "sorry" anampa pole. Mpelelezi akiliandika neno hilo kuwa ni ungamo, amemtia hatiani mtu aliyekuja kufariji.

Wala tusidhani kwamba Waingereza wenyewe husema namna moja. Kaskazini mwa nchi yao, wengi huita "dinner" chakula cha mchana, na "tea" chakula cha jioni. Mtu wa London aalikwaye huko kwa "dinner" huenda akafika sahani zimekwisha kuoshwa. Kiingereza cha Uganda nacho kimekwisha kupata kamusi yake, iliyotungwa na Bernard Sabiiti mwaka 2014.

Lafudhi ina upande mwingine, wa giza. Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, twasoma habari za Wagileadi walioshika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliamriwa atamke neno "Shibolethi". Aliyetamka "Sibolethi" alijulikana kuwa Mwefraimu, akauawa. Walikufa watu 42,000. Hicho kilikuwa kizuizi cha barabarani, na silaha ya kwanza ilikuwa sikio. Nasi Waganda na Waganda-wa-mbali, wa kusini na wa kaskazini, hatuna haja ya kwenda Yordani kutafuta mfano. Katika miaka ya machafuko ya 1970 na 1980, raia wengi wa Uganda waliviogopa vizuizi, maana jina au matamshi tu yaliweza kumtia mtu mashakani. Lafudhi humwonyesha mtu alikolelewa, haionyeshi alilotenda.

Kwa hiyo yatupasa kushika mambo matatu. Kwanza, maelezo ya raia yaandikwe kama alivyokusudia, kisha asomewe kwa lugha aielewayo kabla hajatia sahihi au dole gumba. Pili, neno likitia shaka, aulizwe maana yake. Kuuliza si ujinga. Tatu, Kiswahili, ambacho marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda, kitumike kuwa daraja pale Kiingereza kinapokwama, nacho kisigeuzwe kuwa kiboko cha kumtishia mchuuzi.

Siku nyingine upitapo Owino, ukaambiwa "well done, afande", usikunje uso. Itikia, kisha uendelee na lindo lako.