Adui Aliyelala Udongoni

Leo twataka kuzungumza juu ya mdudu ambaye wengi wetu tumemwona shambani, lakini maisha yake twayajua nusu tu.

Ni yule mdudu mdogo wa jamii ya mbawakavu alaye majani ya maharagwe na kunde. Wataalamu humwita Ootheca. Urefu wake wapata milimita 6. Mgongo wake wang'aa, na mara nyingi una rangi ya chungwa, pengine yenye weusi. Yuko kwetu Kenya, na ndugu zetu wa Tanzania ya kaskazini wamjua sana.

Mvua za kwanza zikinyesha, mdudu huyu hutoka udongoni, wakati ule ule maharagwe yanapochipuka. Hutoboa majani kati ya mishipa yake, na wakiwa wengi huweza kuuacha mche mtupu. Hapo ndipo sisi hushtuka. Lakini tukiwa twatazama majani, majike hutaga mayai udongoni, karibu na shina. Mabuu yakianguliwa hula mizizi, pamoja na vile vinundu viupatiavyo mmea naitrojeni. Mharagwe hugeuka manjano na kunyauka, nasi twadhani ni upungufu wa mvua.

Buu likiisha kukua hutulia na kubadilika umbo, mpaka liwe mdudu kamili. Walakini hatoki. Hulala humo humo udongoni kiangazi chote, akingojea mvua ijayo.

Basi, tufanyeje? Tukiisha kuvuna, tusiliache shamba hivi hivi. Tulilime, tuupindue udongo, ili jua kali liwakaushe wale waliolala. Tena, msimu unaofuata tupande hapo mahindi peke yake, bila maharagwe katikati ya mistari, ili wanaoamka wasikute chakula. Na kwa kuwa mdudu huyu huruka, shamba moja likilimwa na la jirani likaachwa, atavuka mpaka. Yafaa tupatane na majirani, tulime pamoja.

Kazi hii ni ngumu, kwa sababu hufanywa wakati maharagwe yamo ghalani na hakuna hasara inayoonekana. Lakini sufuria ya watoto wetu mwakani yategemea jembe la siku hizo. Hata nyumbani mwetu, yako mambo yatafunayo mizizi kimya kimya. Mungu atupe bidii ya kuyafukua mapema, kabla ya mvua.