Je, Wajua? Mfumo wa Majaribio na Mashine ya Kazi

Kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya toleo kamili, watengenezaji wa mifumo endeshi ya simu na kompyuta huachia toleo la majaribio. Kijana wa Kidahwe, pale barabara ya kutoka Kigoma mjini inapogawanyika kwenda Kasulu na Uvinza, anaweza kulipakua siku ileile na mwenzake wa London, bora tu bando liwepo. Tofauti ipo kwenye hasara. Mwenye simu moja, inayobeba M-Pesa, namba za wateja na picha za watoto, hana pa kukimbilia ikigoma kuwaka. Soma haya kwanza, ndipo ubonyeze.

Je, wajua Windows 98 iligoma mbele ya Bill Gates mwenyewe? Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX jijini Chicago, Chris Capossela wa Microsoft alichomeka skana kwenye kompyuta yenye toleo la majaribio ili watu waone mfumo unavyoitambua. Skrini ikageuka bluu, ukumbi mzima ukacheka. Gates akajibu kwamba bila shaka ndiyo sababu mfumo huo ulikuwa bado haujaanza kuuzwa. Uliingia sokoni tarehe 25 Juni mwaka huohuo.

Je, wajua kinachogoma mara nyingi si mfumo bali draiva? Draiva ni programu ndogo inayopokea maagizo ya mfumo na kuyafikisha kwenye printa, skana, kadi ya sauti au kadi ya picha. Kwa kawaida huandikwa na aliyetengeneza kifaa, naye huandika kwa ajili ya mfumo uliopo sokoni, si ule unaokuja. Windows Vista ilijaribiwa hadharani mwaka 2006 na kuanza kuuzwa kwa umma tarehe 30 Januari 2007. Hata hivyo, barua pepe za Microsoft zilizofikishwa mahakamani zilionyesha kwamba, katika matukio ya Vista kuanguka yaliyorekodiwa mwaka huo, karibu asilimia 29 yalitokana na draiva za NVIDIA, kampuni ya kadi za picha.

Ipeleke habari hiyo kwenye steshenari ya kijijini, msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu. Wanafunzi wamepanga foleni, printa ni moja na ni ya zamani. Mwenye duka amepiga Windows ya majaribio usiku. Asubuhi jina la printa linaonekana kwenye orodha, kazi inaingia kwenye foleni ya kuchapa, kisha inakwama hapohapo. Wino upo na waya ni mzima. Draiva ndiyo haipo, na kama mtengenezaji ameshaiacha aina hiyo ya printa, huenda isije kamwe.

Je, wajua programu inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikagoma? Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikiwa na upana wa milimita 1,000. Reli ya SGR ina milimita 1,435. Behewa la kwanza halitembei juu ya reli ya pili, hata liwe limetoka karakana leo. Programu nyingi zinazokataa mfumo mpya ziko hivyo: zilijengwa kwa kipimo kingine.

Je, wajua namba ya toleo peke yake huweza kuangusha programu? Windows 95 ilikuwa toleo la 4.0. Lakini baadhi ya programu za zamani zilikagua vibaya: zilitaka namba ya mbele ifike 3 na ya nyuma ifike 10, kama ilivyokuwa kwa Windows 3.10. Katika 4.0, namba ya nyuma ni 0, hivyo zingedhani mfumo ni wa zamani mno na kukataa kufunguka. Microsoft wakaamua kwamba programu hizo zikiuliza, Windows 95 ijibu kuwa ni 3.95. Zikaridhika, zikafunguka.

Na je, wajua kuwa Apple nao walifanya hivyo robo karne baadaye? Mwaka 2020 mfumo wa Mac uliruka kutoka 10.15 hadi 11. Kwa programu za zamani zilizozoea kila toleo kuanza na 10, mfumo mpya hujitambulisha kuwa 10.16. Windows 10 nayo ilijiita 6.4 katika majaribio ya mwanzo ya mwaka 2014, kabla ya kurukia 10.0.

Je, wajua Windows 95 ilikuwa na kipengele maalumu kwa ajili ya mchezo mmoja? Mwandishi wa masuala ya programu Joel Spolsky alisimulia kwamba SimCity ilikuwa na kosa: iliendelea kusoma kumbukumbu iliyokwisha kuirudisha kwa mfumo. Kosa hilo halikuonekana kwenye mfumo wa zamani, ila kwenye Windows 95 ya majaribio mchezo ukawa unaanguka. Wahandisi wakaufanya mfumo uitambue SimCity na usichukue kumbukumbu ile upesi. Wajaribu wasingeiendesha mapema, lawama ingeangukia Windows.

Je, wajua kuna watu waliolipia majaribio? Tarehe 13 Septemba 2000 Apple walitoa Mac OS X ya majaribio kwa dola 29.95, na ikafikia kikomo tarehe 14 Mei 2001. Windows 7 ya majaribio ilitolewa bure Januari 2009, lakini kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo ilianza kuzima kompyuta kila baada ya saa mbili, na tarehe 1 Agosti muda wake ukaisha. Toleo la majaribio ni la muda. Tafuta tarehe yake ya mwisho kabla hujaanza kulitegemea.

Je, wajua Windows 7 hiyohiyo ilikuwa inakata nyimbo? Mafaili ya MP3 yenye taarifa nyingi kichwani, kama picha ya jalada la albamu, yaliweza kupoteza sekunde chache za mwanzo pindi mfumo ulipoongeza taarifa ndani yake. Wimbo uliendelea kucheza, na hakuna onyo lililotokea. Mwanzo wake tu ndio uliotoweka. Microsoft walitoa marekebisho na kuwashauri watu watengeneze kwanza nakala za nyimbo zao.

Je, wajua mfumo wa majaribio uliwahi kuharibu kifaa chenyewe? Septemba 2008, waliojaribu Linux 2.6.27 kabla haijakamilika, yakiwemo matoleo ya majaribio ya Ubuntu 8.10 na Fedora 10, waligundua kwamba baadhi ya kadi za mtandao za Intel zimekufa. Hata kuurudisha mfumo wa zamani hakukusaidia, kwa sababu maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya kadi yalikuwa yameandikwa juu. Msako ulifika kwenye ftrace, chombo cha kufuatilia utendaji wa mfumo, kilichokuwa kikiandika mahali kisipotakiwa. Sehemu yake iliyohusika ikazimwa.

Je, wajua simu za madukani kwetu zimo kwenye majaribio? Mei 2019, Google walipofungua majaribio ya Android 10 kwa simu 21 za chapa 13, Tecno Spark 3 Pro ilikuwamo. Tecno Camon 17 ikafuata kwa Android 12. Si lazima tena uwe na Pixel, simu ya Google ya gharama kubwa, ili uone mfumo unaokuja.

Je, wajua majaribio hayo yaliwahi kuigusa misitu ya Kigoma? Taasisi ya Jane Goodall, yenye mizizi katika utafiti wa sokwe wa Gombe, imewatumia walinzi wa misitu wa vijijini wanaoandika wanachokiona kwenye simu na vishikwambi vya Android, kwa programu ya ODK. Zamani ODK iliweka fomu na majibu kwenye folda ya wazi, na mtu aliweza kuchomeka waya akanakili. Mwaka 2019, katika majaribio ya Android 10, Google walianza kuzizuia programu zisiingie ovyo kwenye hifadhi ya pamoja. Watengenezaji wa programu wakalalamika kuwa kazi zao zinavunjika, na Google wakasogeza sharti hilo hadi toleo lililofuata, Android 11 ya mwaka 2020. Muda huo uliwawezesha watu wa ODK kuhamisha data hadi kwenye folda ya programu yenyewe. Malalamiko ya wakati wa majaribio yalinunua mwaka mzima wa kujipanga.

Je, wajua mlango wa kurudi nyuma ni mwembamba? Ukijitoa kwenye majaribio ya Android na kurudi toleo kamili la zamani, simu hufutwa yote. Kwenye iPhone, nakala rudufu iliyotengenezwa na mfumo wa majaribio haikubali kurudishwa kwenye mfumo wa zamani. Nakala ya kukuokoa ni ile uliyoitengeneza kabla.

Je, wajua aplikesheni ya benki inaweza kukukataa bila wewe kuharibu kitu? Aplikesheni nyingi za fedha hukagua kama mfumo wa simu umethibitishwa. Fundi akikufungulia simu ili aiflashi mfumo ambao haukukusudiwa kwa simu hiyo, kufuli la kuwashia huondolewa, data hufutwa, na ukaguzi unaweza kukwama. Fedha zenyewe hazijapotea: *150*00# ya M-Pesa hupita kwenye laini na mtandao wa simu, wala haiitegemei aplikesheni. Hata kitochi kinatosha.

Je, wajua kila hatua mbele huacha programu nyuma? iOS 11 ya mwaka 2017 ilizifungia nje aplikesheni za biti 32. macOS Catalina ikafanya vivyo hivyo mwaka 2019. Android 14 inakataa kusakinisha aplikesheni iliyoandikwa kwa matoleo yaliyotangulia Android 6. Windows 11 haina toleo la biti 32, hivyo programu za biti 16 za miaka ya 1990 hazina pa kukaa. Kama hesabu za duka au za SACCOS ziko kwenye programu ya kale, hilo ndilo la kukagua kwanza.

Je, wajua kushiriki majaribio hakukuhakikishii nafasi? Mwaka 2021 Microsoft waliruhusu baadhi ya kompyuta zisizotimiza masharti zijaribu Windows 11. Toleo kamili lilipokaribia kutoka, tarehe 5 Oktoba 2021, wenye kompyuta hizo walielekezwa warudi Windows 10.

Je, wajua simu ikizimika katikati ya kusasisha si lazima ife? Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu zinaweza kuwa na sehemu mbili za mfumo: moja inatumika, nyingine inaandikwa. Toleo jipya likishindwa kuwaka, simu hurudi kwenye la zamani. Lakini si kila simu imejengwa hivyo, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika papo hapo umeme ukikatika.

Je, wajua Tanzania ilifanya majaribio kabla ya kuhesabu watu kwa vishikwambi? Sensa ya majaribio ilifanyika mwaka 2021. Sensa yenyewe ilifuata tarehe 23 Agosti 2022, ya kwanza nchini kuendeshwa kidijitali, ikahesabu watu 61,741,120. Vishikwambi vikapelekwa kwa walimu. Ndivyo kazi kubwa inavyotakiwa kufanywa: jaribu padogo, sahihisha, ndipo uende nchi nzima.

Je, wajua njia salama zipo, na ni za bei nafuu? Linux huwaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski ya ndani, na dakika chache zinatosha kuona kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi. VirtualBox hukuwezesha kuendesha mfumo mpya ndani ya ule ulionao. Lakini humo utajaribu hasa programu, kwa sababu vifaa vingi vinavyoonekana ni vya kuigiza. Simu ya zamani iliyolala kabatini, kama mfumo unaikubali, ni bora kuliko hiyo unayopokelea oda.

Je, wajua taarifa zikipuuzwa, watu huumia? Windows 10 ya Oktoba 2018 ilianza kutolewa tarehe 2, na ndani ya siku chache ikasimamishwa kwa sababu ilikuwa ikifuta mafaili ya baadhi ya watu. Wajaribu wachache walikuwa wamekwisha kuandika kuhusu tatizo hilo kabla, lakini ripoti zao zilizama kwa kukosa kura za watumiaji wengine. Toleo lililosahihishwa likatoka tarehe 13 Novemba, na Microsoft wakaongeza kwenye fomu ya ripoti sehemu ya kueleza uzito wa tatizo. Ukiona data inapotea, itumie sehemu hiyo na usisubiri wengine waseme.

Na je, wajua kwa nini ripoti kutoka kwetu ina thamani? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili; ziliwezekana kwa sababu watu wa hapa walishiriki kazi hiyo. Mfumo unaojaribiwa na watu wenye mtandao wa kasi, printa mpya na skrini ya Kiingereza utakuwa salama kwa watu hao. Atakayeona neno la Kiswahili limekatwa kwenye kitufe, laini mbili zinagombana, au usakinishaji umeanza upya baada ya mtandao kupotea, ni mtu anayeishi na mambo hayo kila siku.

Kwa hiyo jaribu, ila kwa kifaa ambacho kazi yako haikitegemei. Ukikutana na kosa, andika aina ya simu au kompyuta, namba kamili ya toleo, hatua ulizopita, ulichotarajia na kilichotokea. Kosa moja kwa ripoti moja. Kisha itume kabla toleo kamili halijatoka, wakati bado inaweza kumwokoa mwingine mwenye simu kama yako.