Kamera ya filimu kwa safari zetu: uchague ile itarudi na picha

Wandugu wahitimu, kila kiangazi kikikaribia, swali moja linarudi kati yetu. Mutu anataka kwenda ku maporomoko ya Lofoi, ama ku Kasenga kando ya mto Luapula, ama mpaka Upemba, na anataka kupiga foto na filimu, ile ya zamani tunaita pelikile. Anunue kamera gani?

Wengi wanaanza na jina la kampuni. Wengine wanaanza na lenzi. Mimi ninaomba tuanzie mwisho: kisha siku saba za vumbi bila umeme, hii kamera itarudi nyumbani na picha? Hiyo njo swali la kwanza, na mengine yote yanatoka hapo.

Kupiga foto za safari mu Katanga si jambo la jana. Kati ya 1898 na 1900, Mbelgiji Charles Lemaire aliongoza msafara wa kisayansi katika nchi yetu. Alikuwa na mchoraji, Léon Dardenne, na mpiga picha, François Michel. Picha zikaenda Ulaya, watu waliopigwa wakabaki. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi aliyezaliwa 1978, alizikuta mu jumba la makumbusho la Tervuren, akazitumia katika kazi yake Congo Far West ya 2011. Ukiangalia ile kazi unaelewa kitu kimoja: picha ya safari iko na mwenyewe, na mwenyewe si yule tu aliyeshika kamera. Nitarudi ku hilo. Kwanza mashine.

1. Betri

Kamera za filimu ziko za aina mbili. Kuna zile za springi na vyuma: unavuta wenzo, unabonyeza, inapiga, betri iwe ama isiwe. Na kuna zile zinazotegemea betri kwa kila kitu: betri ikikufa, umebeba jiwe.

Canon AE-1, iliyotoka 1976, ni kamera nzuri na watu wanaipenda. Lakini bila betri yake ya volti 6 haipigi hata picha moja, na betri ile usitegemee kuikuta mu duka la njiani. Pentax K1000, ya mwaka ule ule, inatumia betri moja ndogo ya LR44, sawa ile ya kalkuleta na ya vitu vya kuchezea vya watoto, na kazi yake ni kupima mwanga tu. Ikikufa, kamera inaendelea. Nikon FM2 ya 1982 ni vile vile, tena shata yake inafika kasi ya 1/4000.

Muangalie pia kamera za miaka ya 60 na 70 zilizotengenezwa kwa betri za zebaki, zile za volti 1.35. Betri hizo hazitengenezwi tena. Ukiweka ya volti 1.5 mahali pake, kamera inapiga, lakini kipima mwanga kinaweza kukudanganya. Olympus OM-1 iko katika kundi hilo.

2. Mwanga wa huku kwetu

Kipima mwanga kikikufa, usirudi nyumbani. Kuna kanuni ya zamani: jua likiwa kali na anga safi, weka tundu la lenzi ku 16, na kasi iwe karibu na namba ya filimu. Filimu ya 200, kasi 1/250. Filimu ya 400, kasi 1/500. Wingu jepesi likipita, fungua mpaka 11. Wingu zito kidogo, 8. Ukiwa kivulini, 4. Kiangazi chetu, na anga yake bila wingu siku nyingi mfululizo, kinaifaa sana hii kanuni.

Shida kubwa zaidi iko ku sura za watu. Kipima mwanga kinaona anga nyeupe nyuma ya mama aliyesimama mbele ya nyumba, kinafikiri mwanga umezidi, kinakuambia ufunge. Anga inatoka vizuri, sura ya mama inatoka sawa makala. Dawa yake: sogea karibu, pima mwanga ku uso wake mwenyewe, kisha rudi nyuma upige na vipimo vile vile. Ama mugeuze asimame kivulini, uso ukitazama fasi iko na mwanga. Filimu ya rangi ya negatifu inavumilia mwanga ukizidi kidogo. Mwanga ukipunguka haisamehe. Kama una mashaka, ongeza.

3. Vumbi na maji

Vumbi jekundu la barabara zetu linaingia fasi yote. Kwa hiyo kamera yenye lenzi moja isiyotoka iko na faida: haufungui kitu njiani isipokuwa unapobadilisha filimu. Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia 1967 mpaka 1984, ni ya aina hiyo. Haitumii betri hata moja. Mwanga wenyewe ndio unaendesha kipimo chake. Giza likizidi, inainua kibendera chekundu mu dirisha na inakataa kupiga. Ubaya wake: kile kipima mwanga kinazeeka, kwa hiyo ujaribu kabla ya kulipa.

Ukibeba kamera ya lenzi za kubadilisha, chagua lenzi moja ya milimita 35 ama 50, ifunge, ibaki hapo. Weka filtara ya kioo mbele yake. Filimu ibadilishwe ndani ya gari, madirisha yamefungwa, ama ndani ya mufuko wa plastiki. Na filimu zisikae mbele ya gari chini ya kioo: joto la pale linaharibu rangi.

Kwa wale wa mitumbwi na maji kuna Nikonos V ya 1984, inayozama mpaka mita 50. Lakini kama huingii ndani ya maji, mufuko mzuri usiopitisha maji unatosha hata mwezi wa kumi na mbili.

4. Kununua kamera ya zamani

Nyingi zimetumika miaka 40 na zaidi. Mbele ya kutoa pesa, fanya haya. Fungua mgongo wa kamera utazame sponji nyeusi za pembeni: kama zinanata sawa lami, mwanga utaingia, inabidi zibadilishwe. Elekeza lenzi ku taa uangalie ndani: nyuzi nyembamba sawa utando wa buibui ni kuvu, acha. Weka kasi ya sekunde moja, bonyeza, uhesabu. Kisha 1/60, kisha 1/1000. Kama zote zinalia namna moja, shata imechoka. Mwisho, pima filimu moja nzima mjini, isafishwe, uone picha, njo uende safari. Na ujue mapema nani atakusafishia: filimu ya rangi inataka dawa ya joto la nyuzi 38, lakini ya nyeusi na nyeupe, sawa Ilford HP5, mutu anaweza kujifunza kuisafisha nyumbani.

5. Barrière

Hili halimo mu vitabu vya wageni. Askari akikuona na simu, anaweza kusema: "Onyesha, futa." Kamera ya filimu haina cha kuonyesha wala cha kufuta. Ukiambiwa uifungue, mwanga unaingia na picha zako zinaharibika. Kwa hiyo usipige askari, uwanja wa ndege, madaraja, wala fasi ya migodi bila ruhusa. Ukifika mahali, jitambulishe kwa chifu na wakubwa wa fasi ile mbele ya kutoa kamera. Filimu iliyokwisha kupigwa itoe ndani, uiweke mbali na kamera. Wakikufungulia, unapoteza moja tu.

Ukisafiri na ndege, filimu zikae mu mufuko wa mukononi, usiziweke mu valizi. Omba kwa heshima zikaguliwe na mikono. Mashine mpya za ukaguzi, zile zinazozunguka mzigo pande zote, zinaweza kuharibu filimu mara moja tu.

Sasa, ipi?

Anayeanza, na anataka kujifunza kazi: Pentax K1000 na lenzi ya 50. Anayetembea kwa miguu sana na hataki uzito: Olympus Trip 35. Aliye na pesa na anataka kamera ya kumurithisha mutoto: Nikon FM2. Kwa siku tano, filimu tatu za picha 36 zinatosha. Ni picha 108, na kila moja utaifikiria.

Lakini muhesabu pia bei ya mwisho, ile watu wanaisahau: karatasi. Ukimupiga mutu foto ku Kasenga, andika jina lake na kijiji mu kadaftari, na utoe picha mbili. Moja yako, moja umutumie na gari la kwanza linaloenda kule. Picha za msafara wa Lemaire zilivuka bahari. Zetu zina kilomita mia mbili tu za kupita. Kama pesa yako inatosha kamera tu bila karatasi, nunua kamera ya bei ndogo zaidi, na karatasi.