FURU WA NYASA DARASANI: KUFUNDISHA UZAZI WA SAMAKI KWA NJIA YA UCHUNGUZI

Uzazi wa wanyama ni mada inayofundishwa aghalabu kwa mchoro wa ubaoni. Mwalimu huchora, wanafunzi hunakili, na jambo lenyewe lenye uhai halionekani. Madhumuni ya makala haya ni kuwaonyesha walimu watarajiwa namna ya kufuga samaki wadogo katika tangi la kioo, kuwazalisha na kulea vifaranga wao, ili darasa zima lichunguze uzazi kwa macho yake.

Sisi tulioko Songea tuko mahali pafaapo sana kwa kazi hii. Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro na kutiririka hadi Bahari ya Hindi, ilhali Mto Ruhuhu huelekea magharibi na kuingia Ziwa Nyasa. Ziwa hilo, lenye kina cha mita 700 hivi, lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani. Mamia ya aina hizo ni za ukoo mmoja wa perege na furu, na nyingi hazipatikani penginepo. Watu wa Ulaya na Marekani huwafuga majumbani kwa ajili ya rangi zao, hasa wale wakaao penye majabali, waitwao mbuna. Si haki mtoto wa Hamburg awafahamu samaki hao kuliko mtoto wa Mbinga.

Kuchagua samaki

Mbuna wanapendeza, lakini ni wakali na huhitaji tangi kubwa. Kwa shule ya msingi twapendekeza furu mdogo ambaye jina lake la kitaalamu ni Astatotilapia calliptera. Huyu huishi kandokando ya Ziwa Nyasa na katika mito na mabwawa ya jirani. Ni mvumilivu, na urefu wake hauzidi sana upana wa kiganja. Dume huwa na rangi ya manjano na kichwa chenye ubuluu. Jike ana rangi ya kijivu. Wavuvi wa Mbamba Bay huweza kumtambua mkielezana vizuri. Hata hivyo, ukusanyaji na usafirishaji wa samaki hutawaliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Kwa hiyo mwalimu hana budi kumwona kwanza Afisa Uvuvi wa wilaya.

Matayarisho ya tangi

Tangi lenye urefu wa sentimeta 100, upana wa 40 na kimo cha 40 hutosha. Kabla ya kulijaza, wanafunzi wakokotoe ujazo wake: ni lita 160, yaani maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 160. Hapo wataelewa wenyewe kwa nini meza dhaifu haifai. Chini pawekwe mchanga uliooshwa, na juu yake mawe na vipande vya vyungu vilivyopangwa kuwa mapango, ili jike apate mahali pa kujificha dume anapomfukuza.

Maji ya bomba yaachwe wazi siku mbili ili klorini itoke. Maji ya mvua na ya vijito vya milimani kwa kawaida ni laini mno, nayo ya Ziwa Nyasa yana asili ya magadi kidogo. Makombe yaliyosagwa na kuchanganywa na mchanga husaidia kurekebisha hali hiyo.

Jambo linaloua samaki wengi wa wanaoanza ni haraka. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wakaao katika mchanga huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyodhuru sana, lakini bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Basi tuanze na samaki wawili tu, tuwape chakula kidogo, na kila juma tubadilishe robo ya maji kwa mpira wa kunyonyea. Majuma hayo yakiisha, tuongeze hadi kufikia dume mmoja na majike wanne. Majike wakiwa wengi, ukali wa dume hugawanyika, wala haumwelemei mmoja.

Furu hustawi katika joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Usiku wa Juni na Julai hapa kwetu ni wa baridi kali. Maji yakipoa, samaki hula kidogo na huacha kuzaa. Penye umeme kipashio kidogo hutatua tatizo. Pasipo umeme, tangi lifunikwe kwa blanketi usiku, na kazi ya uzalishaji ipangwe Oktoba na Novemba, miezi yetu ya joto.

Kutaga na kuatamia

Dume aliye tayari hung'aa rangi, huchimba kishimo mchangani na kumchezea jike. Jike hutaga mayai machache, hugeuka na kuyaokota mara moja kwa kinywa. Katika pezi la chini la dume, karibu na mkia, mna madoa ya rangi ya machungwa yanayofanana na mayai. Jike huyasogelea kama anayetaka kuyaokota pia, na hapo hupokea mbegu za kiume zinazorutubisha mayai yaliyomo kinywani mwake. Tendo hilo hurudiwa mpaka mayai yamalizike.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wanafunzi watasema kwa sauti moja, "Amekula mayai yake!" Mwalimu asikimbilie kuwasahihisha. Aandike dai hilo ubaoni, kisha aulize: kama ameyala, tutazamie kuona nini? Kama hakuyala, tutazamie nini? Siku zinazofuata darasa litaona kidevu cha jike kimevimba, kinywa chake kinatafunatafuna pasipo chakula, naye hukataa chakula anachopewa. Kutafuna huko ni kuyageuzageuza mayai ili yapate hewa. Mtoto atakayefikia jibu hilo kwa ushahidi wake mwenyewe amejifunza sayansi. Aliyeambiwa amejifunza sentensi tu.

Kuatamia huchukua majuma matatu hivi, na kwa muda huo mama hali kitu, au hula kidogo sana. Siku ya 14 au ya 15 ahamishiwe katika tangi dogo lenye maji yaliyotolewa tangi kubwa. Achotwe taratibu kwa bakuli ndani ya maji, taa zikiwa zimefifizwa. Akisumbuliwa kwa wavu huweza kuyatema mayai yote.

Kulea vifaranga

Vifaranga wakiachiwa huwa wamekwisha kumaliza kiini cha yai na huogelea wenyewe. Siku za mwanzo mama huwalinda, na pakitokea hatari hufungua kinywa wakaingia tena. Darasa lisikose kuona jambo hili. Baada ya juma moja mama atengwe, alishwe vizuri peke yake mpaka arudishe nguvu, ndipo arejeshwe kwa wenzake.

Chakula cha vifaranga ni unga wa dagaa uliochekechwa kwa kitambaa, na viroboto-maji kutoka mabwawa yasiyo na samaki. Walishwe mara tatu au nne kwa siku, kiasi cha kumalizika katika dakika mbili. Mwanafunzi hupenda kuongeza chakula kwa huruma. Afundishwe kwamba kinachobaki huoza na kuua. Zamu za ulishaji, hata za Jumamosi na Jumapili, ziandikwe na kubandikwa ukutani. Kila kundi litunze daftari la joto la maji, siku ya kutaga, siku ya kuachiwa, idadi ya vifaranga na idadi ya waliokufa. Vifo visifichwe, ni sehemu ya kumbukumbu, na sababu yake itafutwe.

Hadhari

Vifaranga watakua, na tangi halitawatosha. Shauri la kwanza litakalotolewa ni kuwatupa mtoni. Shauri hilo likataliwe kabisa. Maji ya Songea mengi huenda Ruvuma, ambako samaki wa Nyasa ni wageni. Katika Ziwa Viktoria sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu wa huko zilikuwa zimetoweka. Vifaranga wa ziada wapewe shule nyingine zenye matangi, au madume na majike yatengwe ili uzazi usimame.

Kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, ipo habari ya kuwachangamsha. Katika ziwa dogo la Masoko wilayani Rungwe, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba furu wa aina hii hii wanaanza kugawanyika: madume wa maji ya juu ni wa manjano, wa kilindini ni wa buluu. Elimu hiyo haikutoka mbali. Imetoka katika maji ya nchi yetu, kwa watu waliotazama kwa subira na kuandika walichokiona. Mwalimu atakayeweka tangi moja darasani atakuwa amewafungulia wanafunzi wake mlango huo huo.