Je, Wajua? Kivuli Kilichochomwa

Je, wajua kwamba vivuli kwenye njumu za makabati ya vyombo ya kale ya Kiingereza si rangi? Fundi alichovya ukingo wa kipande chembamba cha mbao nyeupe kwenye mchanga wa moto; ukababuka taratibu, ukawa hudhurungi, na nakshi ya kombe ikaonekana imefura. Akizidisha kidogo tu, kipande kinaungua. Makabati hayo ya mahogani yalipendwa upya Uingereza zama za Mfalme Edward VII (1901–1910), yakiiga michoro ya mbunifu wa samani Thomas Sheraton ya miaka ya 1790. Sheraton mwenyewe, masikini, alikufa fukara mwaka 1806, na hakuna samani hata moja inayojulikana kwa hakika kuwa kazi ya mikono yake.