Ng'onda Ndani ya Lebo: Kwa Nini Ritifaa Hupotea Kwenye Kurasa za Wavuti

Katika programu za wavuti, kijenzi ni sehemu ya kiolesura inayojitegemea: kitufe, fomu, au kadi inayoonyesha kidahizo pamoja na maana yake. Mara nyingi kijenzi huandikwa kwanza kama mfuatano wa herufi katika lugha ya alamishi, yaani matini yenye lebo na sifa zake. Kivinjari husoma mfuatano huo herufi baada ya herufi, hutambua lebo inapoanzia na sifa inapoishia, kisha huonyesha kijenzi kwenye skrini.

Ugumu huanza pale matini yenyewe inapobeba alama ambayo kivinjari huichukulia kuwa mpaka. Mfano ni neno ng'onda: samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani, kitoweo kinachofahamika vyema katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma. Programu ikilipachika neno hilo ndani ya lebo, mfuatano huweza kuwa hivi:

<kadi-neno kidahizo='ng'onda'></kadi-neno>

Kwa msomaji wa Kiswahili, ritifaa ya kati ni sehemu ya tahajia. Kwa kivinjari, ni alama ya kufunga. Thamani ya sifa huishia kwenye "ng", na herufi zilizobaki huchukuliwa kuwa jina la sifa nyingine. Kadi huonyesha "ng" peke yake, bila onyo lolote kwa msomaji.

Ipo tiba ya haraka: kuifuta ritifaa. Tiba hiyo huharibu lugha. Ng' ni sauti moja, nazali ya kaakaa laini. Ng ni nazali hiyo ikifuatwa na g. Ng'oa ni kukitoa kitu kilichoshikamana, kama jino au mzizi. Ngoa ni tamaa au wivu. Mwanafunzi aliyetafuta neno moja huondoka na jingine.

Suluhisho la kudumu ni kutenganisha muundo na matini. Programu huunda kijenzi kwanza, kisha hukipa neno kama matini tupu, yasiyosomwa tena kama alamishi. Pale ambapo kuunganisha hakuepukiki, ritifaa huandikwa kwa msimbo wake, &#39;, na kivinjari huirejesha wakati wa kuonyesha. Kanuni hiyohiyo hulinda usalama: maandishi ya mtumiaji yakipachikwa moja kwa moja kwenye alamishi, mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo amri zitakazotekelezwa katika vivinjari vya wasomaji wengine.

Kwa mfasiri au mwalimu anayekagua tovuti, kipimo ni chepesi. Ng'onda, ming'oko (viazi-mwitu vya kusini), king'ora na ng'ambo, kama katika "ng'ambo ya Ruvuma", yajaribiwe kwenye kadi, kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye kisanduku cha kutafutia. Izingatiwe pia kwamba ritifaa iliyonyooka (') na iliyopinda (’) ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta. Utafutaji mzuri huzihesabu kuwa moja.