Likizo ndefu Kasese: walimu wasaka kazi za muda, wafanyabiashara wa Mpondwe wahitaji makarani

Shule za Uganda zinapofungwa mwanzoni mwa Desemba, biashara ya sikukuu katika mpaka wa Mpondwe huwa imeshapamba moto. Wakati huo huo walimu wa wilaya ya Kasese huanza kutafuta kazi ya muda ya kuwafikisha Februari, muhula wa kwanza unapofunguliwa. Wenzao wa Ulaya na Marekani hutafuta kazi za namna hii katika kiangazi chao cha Julai na Agosti. Kwa Uganda likizo ndefu ni Desemba na Januari, na kwa mfanyabiashara wa mpakani hiyo ndiyo miezi anayohitaji mtu anayejua kuandika na kuhesabu bila kukosea.

Sababu ya walimu kuhangaika inajulikana. Katika mgomo wa walimu wa Juni 2022, mwalimu wa shule ya msingi ya serikali mwenye cheti alikuwa akipata karibu shilingi 500,000 kwa mwezi, wakati serikali ilikuwa inapandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4. Walimu wa shule binafsi wana shida yao ya pekee, kwani wengi hulipwa kutokana na karo, na likizo haina karo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, zikafunguliwa zote 10 Januari 2022, wengi wao walijifunza kwa uchungu kwamba kazi ya pili si anasa.

Chukua mwalimu anayeishi Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kilicho ufukweni mwa Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Kazi ya kwanza inayomjia akilini ni samaki. Lakini idadi ya mitumbwi yenye leseni katika ziwa hilo ina kikomo, na anayeingia bila leseni anaweza kupoteza chombo, nyavu na samaki kwa siku moja. Mwalimu anayechukua mkopo mwezi Desemba ili anunue mtumbwi, akitumaini kurudisha fedha kabla ya Februari, amebeba hatari asiyoimudu. Kuandika hesabu za wanunuzi wa ngege pale mwaloni ni salama zaidi, ila nafasi ni chache.

Chumvi ya Katwe ni jambo jingine. Mvua huharibu chumvi na jua huizalisha, hivyo ukame wa Januari na Februari unakutana na sehemu ya likizo. Wanunuzi hutoka ng'ambo ya mpaka pia. Kuingia kwenye maji yale ni kazi ngumu inayochubua ngozi, na mwalimu asiyeizoea hatadumu wiki mbili. Anachoweza kufanya vizuri ni kukaa pembeni na daftari: magunia mangapi yametoka, ya nani, yamelipiwa au bado. Wenye malori wanajua ni ugomvi kiasi gani huanzia kwenye hesabu ya magunia.

Hata hivyo, soko kubwa la kazi hizi liko Bwera na Mpondwe, unakofika kwa kupita njia panda ya Kikorongo. Soko la Mpondwe lina siku mbili kuu kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, ambako saa iko nyuma kwa saa moja. Mpondwe ikiwa saa nne asubuhi, Kasindi ni saa tatu. Kongo iliridhia mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na kabla ya hapo, mwaka 2021, ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni, yenye kilomita 80, ulikuwa umezinduliwa. Mzigo ukiongezeka na makaratasi huongezeka.

Hapo ndipo mwalimu ana thamani. Lukonzo ya Bwera na Kinande cha Beni na Butembo vinasikilizana, Kiswahili kinajaza pengo, na Kiingereza anakijua kwa kazi yake. Anaweza kuandaa ankara na orodha ya mzigo, kulinganisha uzito ulioandikwa na ule wa mizani, na kutunza daftari la madeni. Tofauti ndogo kati ya karatasi na mzigo inatosha kulilaza lori mpakani, na dereva aliyelala mpakani anakula fedha ya tajiri. Lakini kuna mpaka usiovukwa: tamko la forodha hupelekwa na wakala mwenye leseni. Mwalimu huandaa karatasi za kumpa wakala huyo, hachukui nafasi yake.

Lipo pia somo la lugha. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi kufuatana na uamuzi wa Jumuiya, na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu anayekijua vizuri anaweza kuwafundisha madereva na wachuuzi jioni, na mwenye Kifaransa atapata wateja zaidi, kwa kuwa karatasi za upande wa pili ziko katika lugha hiyo. Masomo ya ziada kwa wanafunzi wakati wa likizo ni habari nyingine: wizara ya elimu imekuwa ikiyapiga marufuku mara kwa mara, na mwalimu asiyataje kama mpango.

Je, kazi inalipa? Hapa wengi hukosea kwa kutazama mshahara peke yake. Tufanye mfano wa hesabu tu. Mwalimu wa Hamukungu anaahidiwa shilingi 250,000 kwa mwezi kwa siku 24 za kazi Bwera. Nauli ya kwenda na kurudi ikiwa 12,000 kwa siku, atatumia 288,000, yaani atakuwa anamlipa tajiri ili amfanyie kazi. Akipanga chumba kwa 80,000 na kwenda nyumbani mara mbili kwa 24,000, atabakiwa na 146,000, sawa na shilingi 6,000 na kidogo kwa siku. Lakini akikubaliana kufanya kazi siku za soko tu, siku nane kwa mwezi kwa 25,000 kila siku, atapata 200,000. Akitoa nauli ya 96,000, anabaki na 104,000, ambayo ni 13,000 kwa siku, na siku nyingine zote ni zake. Tajiri naye ameokoa 50,000 na amempata mtu siku anazomhitaji hasa.

Ukitaka mwalimu wa namna hiyo, mweleze mapema nani anabeba upungufu wa fedha kwenye kasha, malipo ni ya siku au ya mwezi, na kazi inakoma tarehe gani. Andikeni, hata kama ni ukurasa mmoja. Usimtume avushe mzigo kwa njia za panya eti kwa sababu mwalimu anaheshimika na hapekuliwi. Akikamatwa anapoteza ajira yake ya kudumu, na wewe mzigo wako.

Kazi za usiku nazo zifikiriwe mara mbili. Usiku wa 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, na watu 42 waliuawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi. Na barabara ya kuingia Hamukungu inapita katika hifadhi yenye tembo, nyati na simba. Karani anayekaa huko aachiwe jua likiwa bado juu.

Mwalimu anayesahihisha mitihani ya taifa kwa UNEB atakuwa hayupo kwa muda, hivyo aulizwe hilo kabla ya kuajiriwa. Na makabidhiano yafanyike kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Januari: daftari lisomwe mbele ya wote wawili, jina kwa jina, kwa sababu Jumatatu inayofuata huenda atakuwa darasani na mdaiwa wa Kasindi atakuwa anauliza deni lake liliandikwa na nani.